Nesi aliniuliza jana nimekula nini, nikakosa jibu

#1 MkeWaFundi (mleta uzi)

Habari za asubuhi wapendwa. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nauandika hasa kwa mama wa nyumbani wenzangu, ila kaka zetu nao wasome, maana wanahusika.

Naishi Mbagala, nina watoto watatu, mdogo ana mwaka na miezi minne na bado ananyonya. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, anatoka alfajiri anarudi saa mbili usiku. Mwaka jana kuanzia mwezi wa sita nilianza kubadilika. Nikiinama kufua, nikiinuka naona giza. Nikibeba ndoo kutoka bombani hadi kwangu, mwendo usiofika dakika tano, moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Usiku usingizi hauji, asubuhi nikiamka natamani kulia. Halafu hasira. Hiyo hasira ndiyo iliyonitisha kuliko vyote. Mtoto wangu wa kati alimwaga uji, kikombe kimoja tu, nikampiga kwa nguvu ambazo hata mimi sikujua ninazo. Alipomaliza kulia yeye, nikaanza mimi.

Kila niliyemwambia alikuwa na lake. Jirani akasema ni mawazo, punguza kuwaza. Wifi yangu akasema hilo ni jini mahaba, twende kwa shehe akusomee. Mama yangu mzazi akaniambia kwa simu, mwanangu, ndoa kuvumilia. Na mimi nikajikubalia kwamba nina msongo wa mawazo, kwa sababu vya kuwaza vipo: kodi, ada ya mkubwa, na elfu kumi ya kula kwa watu watano ambayo siku nyingine inakuwa elfu saba.

Kuna jambo moja sikumwambia mtu. Nilikuwa natafuna mchele mbichi. Ilianza nikiwa nachambua mchele kwenye ungo, punje mbili tatu. Baadaye ikawa konzi nzima. Mwisho nikawa nauweka kwenye mfuko wa dera, nafua huku natafuna, na nikiusikia mlio wake menoni napata raha ambayo siwezi kuieleza. Nilijiona kama nimechanganyikiwa.

Siku moja nimempeleka mdogo kliniki kupimwa uzito. Mtoto akaonekana yuko vizuri, mstari kwenye kadi unapanda. Nesi, mama wa makamo, akaniangalia mimi. Akanivuta kope ya chini kwa kidole gumba, akatazama ndani, akasema, "Mama, mtoto hana shida. Wewe je?" Akaniandikia kipimo cha damu. Majibu yakaja 8.1. Akaniambia mwanamke asiye mjamzito anatakiwa asipungue 12.

Nikaanza kumweleza habari za mawazo, ada, kodi. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha. Kisha akauliza, "Jana umekula nini?"

Nikamwambia: asubuhi watoto walikunywa uji na maandazi, mchana wakala wali na maharage, baba yao usiku nikampikia ugali na samaki.

Akasema, "Sijauliza watoto wala baba yao. Nimeuliza wewe."

Jamani, nilikosa jibu. Nilijua kila kijiko kilichoingia vinywani mwa wenzangu wanne. Changu sikukijua. Nilikaa pale kwenye benchi natafuta kichwani, sioni kitu, machozi yakanitoka. Akanishika mkono, akaniambia niende nyumbani nikaandike kwa siku saba kila ninachotia mdomoni, hata kama ni kipande cha muhogo, nirudi nacho.

Nilichukua daftari la mkubwa lililobaki kurasa za nyuma. Nawawekea hapa siku tatu kama nilivyoziandika:

Jumatatu. Saa nne asubuhi chai ya rangi vikombe viwili, sukari vijiko vitatu kila kimoja, na nusu andazi aliloacha mdogo. Saa tisa ukoko wa wali na mchuzi wa maharage, maharage yenyewe yameisha. Saa kumi chai. Usiku ugali, mchuzi, mkia wa samaki.

Jumanne. Chai, saa tano. Mchele mbichi. Mchana sikula, maji yalikuwa yamekatika nikashinda kwenye foleni ya kisima. Usiku ugali wa moto na chai, mboga nimewaachia watoto.

Jumatano. Chai na kiporo cha ugali. Mchana wali kidogo, nimesimama. Saa kumi na moja chai na kashata. Usiku nimekosa hamu.

Mkitazama mtaona kwamba njaa nyumbani kwangu haikuwepo. Chakula kilipikwa kila siku, na nilikipika mimi. Ila nilikuwa napakua sahani nne, natazama sufuria, nasema nitakula kilichobaki. Kinachobaki ni ukoko na mchuzi. Siku kikibaki cha maana, naona heri nimwekee baba yao akirudi. Hakuna aliyenilazimisha. Nimemwona mama yangu akifanya hivyohivyo Korogwe, na bibi yangu kabla yake, nikajua ndivyo mama anavyokula.

Nesi aliposoma daftari alipiga mstari chini ya neno chai kila lilipotokea. Yakafika mara 19 kwa wiki. Akaniambia chai ikiandamana na chakula inazuia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Kwa hiyo hata kile kidogo nilichokuwa nakila, nilikuwa nakisindikiza na kitu cha kukifunga. Kuhusu mchele mbichi akasema wanaopungukiwa chuma wengi wanakuwa na hamu ya vitu vya ajabu: udongo, barafu, mchele, chaki. Hakucheka. Mimi nilitoka pale nimetua mzigo, kwamba kumbe sijachanganyikiwa.

Nilipewa vidonge, nikapewa na maelekezo ya kula. Nitaeleza. Kwanza nataka kusikia kutoka kwenu: nani mwingine hapa akiulizwa jana amekula nini atakosa jibu?

#2 Binti_Tandika

Dada pole sana. Umenigusa pabaya.

Kwangu ilikuwa kinyume, lakini naona ni ugonjwa uleule. Mimi sikukosa kula, nilikula bila kukaa. Namalizia uji wa mtoto ili usimwagwe, naonja mboga mara sita, nakula chapati ya kwanza iliyoungua, ya pili iliyochanika. Mchana namalizia sahani za watoto wawili. Halafu usiku wote wakilala, na kama tumekwaruzana na mwenzangu, natoka hadi kwa Mangi nanunua biskuti na soda, nakula gizani sebuleni. Ukiniuliza nimekula nini ningekuapia kwamba sijala, kwa sababu sikuwahi kupakua sahani nikasema hii ni yangu.

Nilifika kilo 94. Presha 150 kwa 95 nikiwa na miaka 33. Daktari alivyoniambia nipunguze kula nilimkasirikia, nikaona ananisingizia.

#3 Mtu_wa_Kinondoni

Samahanini, niulize kwa nia njema. Mama wa nyumbani anashinda na sufuria mchana kutwa, inakuwaje akose kula? Sisi tunaotoka tunashinda na mihogo ya kukaanga barabarani. Na huo msongo unatoka wapi wakati kutafuta hela ni jukumu la baba?

#4 MamaWaKesi

Kaka, nakujibu kwa heshima. Anayeshinda na sufuria anashinda anahesabu. Anajua mafuta yamebaki vidole viwili kwenye chupa, na anajua leo ni tarehe 23. Wewe ukiacha elfu kumi mezani umemaliza, yeye ndipo anaanza: genge, unga, mkaa, sabuni, hela ya daftari aliyoomba mtoto akiwa mlangoni. Ikipungua mia tano, inakatwa kwenye sahani ya nani? Fikiri tu nyumbani kwako.

Na neno "hafanyi kazi" mahakama zetu zililishughulikia zamani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani anazofanya mke ni mchango katika mali inayochumwa ndani ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inataja mchango wa fedha, mali au kazi, na Mahakama ikasema kazi za nyumbani nazo zimo. Ni zaidi ya miaka arobaini sasa. Nalitaja kwa sababu mwanamke anayeamini hafanyi kazi anajiona hana haki ya kupakua mnofu. Nimewaona ofisini kwangu wakija na kesi za ndoa. Wengi ukiwakaribisha maandazi wanayafunga kwenye leso wapelekee watoto.

#5 NesiMstaafu

Nimefanya kazi wodi ya wazazi na kliniki ya mama na mtoto miaka 31, naombeni nafasi ndefu kidogo.

Kwanza mleta uzi, huyo mwenzangu aliyekuuliza swali lile alifanya kazi yake vizuri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba karibu wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa hapa nchini wana upungufu wa damu. Utafiti huohuo ulikuta 28 katika 100 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kwa hiyo wewe na Binti_Tandika mko kwenye kitabu kimoja. Na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili: mwili mnene, damu hamna. Ukishiba ugali wa sembe, mafuta na sukari tu, tumbo limejaa lakini chuma hakijaingia.

Sasa kuhusu mawazo. Wengi wanadhani ama ni lishe ama ni mawazo. Mwilini havitenganishwi hivyo. Ukishinda bila kula hadi saa tisa, sukari ya damu inashuka, mwili unatoa adrenalini kuipandisha. Mikono inatetemeka, jasho jembamba, moyo mbio, unakuwa mwepesi wa kufoka. Ukimwambia mtu dalili hizo bila kumtajia njaa, atakuambia una wasiwasi. Damu ikipungua, moyo unalazimika kusukuma haraka zaidi ili hewa ifike kila mahali, na hapo tena unajihisi kama mtu aliyepata habari mbaya. Upande wa pili, mtu mwenye msongo wa kila siku anamwaga homoni ya kotisoli, na hiyo inamvuta kwenye vitamu na vya mafuta, au mwingine inamfunga hamu kabisa. Halafu anakunywa chai saa mbili usiku ili apate nguvu ya kumalizia vyombo. Kafeini ya kikombe kile nusu yake bado iko mwilini saa tano baadaye. Hapo usingizi utatoka wapi? Na asiyelala, kesho yake ana njaa ya sukari.

Mahitaji ya chuma ya mwanamke anayepata hedhi ni miligramu 18 hivi kwa siku, ya mwanamume ni 8. Mara mbili na zaidi. Mama anayenyonyesha anahitaji na chakula cha ziada, kama kalori 500 juu ya kawaida yake. Halafu tazameni mnofu kwenye mboga zetu unaelekea sahani ipi.

Nataka kuonya mambo. Usisome uzi huu ukaenda dukani kununua vidonge vya damu bila kupimwa. Kizunguzungu na moyo mbio vinaweza kuwa tezi ya shingo, presha, sukari, ujauzito, malaria. Damu inaweza kuwa inapotea kwa hedhi nzito au minyoo ya safura, ukila maini mwaka mzima hutaiona ikipanda. Mwenye selimundu (sikoseli) ana mpango wake wa matibabu. Pima kwanza. Na ukipewa vidonge, viweke juu ambako mtoto hafiki, kwa sababu mtoto mdogo akimeza vingi ni hatari kwa maisha yake. Havimezwi na chai wala maziwa. Meza na maji au juisi ya chungwa. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Na usiache damu ikifika 12, endelea kadiri ulivyoandikiwa, mara nyingi ni miezi mingine mitatu ili ghala la mwili lijae.

Lingine linaloniuma: ile soda nyekundu iliyochanganywa na nyanya ya kopo. Nimekuta mama mjamzito ana damu 6 na amekunywa hiyo wiki tatu kwa sababu shoga yake alimwambia inaongeza damu. Rangi nyekundu ya kinywaji haigeuki kuwa damu. Hela ile ingempatia maharage, machungwa na dagaa wa siku kadhaa.

#6 Bi_Mvita

Shikamoo mama nesi. Mie niko Mombasa, Majengo. Kwetu tunakula sinia, na watu husema sinia ndiyo dawa, hakuna anayesahauliwa. Ni kweli likiwa sinia moja. Nyumba nyingi sinia la wanaume hutangulia, la wanawake na watoto hufuata, na mwenye kupika huwa bado yuko jikoni anakaanga mwisho wa samaki. Akija kukaa, watoto wameshamaliza upande wao na wameanza upande wake.

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, mama mkwe, Mungu amrehemu, hakunikubalia. Siku arubaini alinikalisha, akiniletea supu ya kuku na mboga za majani kwa mkono wake, na hainuki mpaka nimemaliza. Siku ya arubaini na moja nikarudi kuwa mpishi, na hakuna aliyewahi kunitazama nikila tangu hapo. Huwa nafikiri, yale matunzo kwa nini yana tarehe ya mwisho?

Asubuhi zetu za mahamri na mbaazi za nazi nazitetea lakini. Mbaazi ni chakula kizuri. Swali kwa mama nesi: chai ya maziwa nayo inazuia?

#7 NesiMstaafu

Marahaba mwanangu. Ndiyo, kinachozuia kiko kwenye majani ya chai, maziwa hayakiondoi. Kula mbaazi zako, chai isubiri saa moja au zaidi. Mbaazi ziloweke usiku kucha umwage yale maji, zitaachia chuma kwa urahisi zaidi. Na kipande cha embe au chungwa pembeni kinasaidia sana, vitamini C inakifungua kile chuma cha kwenye nafaka na maharage.

#8 Mtu_wa_Kinondoni

Nimerudi. Nilisoma jibu la MamaWaKesi nikanyamaza, sikujibu kwa sababu nilitaka nikaone mwenyewe.

Jana Jumapili nilishinda nyumbani. Sikusema kitu, nilimtazama tu mke wangu. Saa saba akapakua, akaniletea mimi, akawapa watoto, akaenda nje kuanua nguo. Nikamwita, akasema nakuja. Akamnawisha mdogo. Akarudi kuokota kijiko kilichoanguka. Nimemaliza kula bado hajakaa. Baadaye nimemkuta jikoni amechuchumaa na sufuria mapajani, anakwangua. Tuna miaka tisa ya ndoa. Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho nimekula naye sahani kwa sahani, nikakumbuka ni harusini kwa mdogo wake.

Naomba msaada wa kweli. Nikimwambia "kaa ule", anasema ameshiba. Nifanye nini? Na kipato changu hakiongezeki mwezi huu.

#9 MkeWaFundi (mleta uzi)

Kaka, Mungu akubariki kwa kurudi. Nikueleze tulivyofanya sisi, maana sisi nasi hela haikuongezeka hata mia.

Mume wangu nilimwonyesha lile daftari. Sikumlaumu, nilimwekea tu mezani. Alisoma, akarudia kusoma Jumanne. Akasema, "Sikujua." Tangu siku hiyo akiwepo hashiki tonge mpaka sahani yangu iwe imewekwa na mimi nimekaa. Siku za mwanzo niliona aibu, nakaa upande kama mgeni, naona kila mtu ananitazama. Watoto wakazoea haraka kuliko mimi. Sasa napakua sahani tano kwa mkupuo mmoja, zangu na zao, kabla sijampa mtu yeyote. Ukianza kugawa, umeshakosa. Kwa hiyo usimwambie "kaa ule". Chukua upawa, mpakulie wewe mbele yake, na kijiko kikianguka kiokote wewe.

Chai ya asubuhi sikuiacha, ila imehamia saa tano, baada ya uji wa dona na karanga au kiporo cha maharage. Ya jioni ndiyo niliyoiua, na hiyo ilinipa taabu, wiki nzima kichwa kinauma. Sembe tumebadili, tunakula dona. Watoto walilalamika siku nne. Kwenye elfu kumi nilipunguza sukari, tulikuwa tunamaliza kilo kwa siku nne, sasa inafika siku tisa, na ile hela ndiyo inanunua dagaa. Mayai sita kwa wiki, na moja ni langu, limeandikwa jina kwa bikipeni, nasema kweli, mkubwa wangu ndiye aliyeliandika. Maini Jumamosi, robo kilo, tunagawana. Mama nesi kanitumia ujumbe nikumbushe kwamba mjamzito asile maini mara kwa mara, vitamini A yake ni nyingi mno.

Mboga ya majani siichemshi tena kumwaga maji. Matembele naosha, nakata, naunga na nyanya na kitunguu, nafunika dakika chache, nikiipua nakamulia limao.

Vipimo: baada ya wiki sita damu ilikuwa 10.4. Mwezi uliopita 11.7. Mchele mbichi hamu iliisha hata kabla, kama wiki ya tatu, siku moja nikachambua mchele mpaka mwisho ndipo nikagundua sijatafuna hata punje.

Sasa nisiwadanganye. Mawazo hayajaisha. Kodi iko palepale, ada iko palepale. Kuna usiku bado naamka saa nane nahesabu. Tofauti ni kwamba nikiamka nahesabu kweli, napata jumla, nalala. Zamani nilikuwa naamka moyo unakimbia, hata kuhesabu siwezi. Na sijampiga mtoto tangu mwezi wa kumi.

#10 Msomaji_Dodoma

Hapo kwenye mawazo yaliyobaki nichangie. Zimbabwe kuna neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Ni kama vile sisi tunavyosema "ana mawazo", watu wa kule hawasemi nina sonona. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza Mbare, Harare, na bibi 14 wa mtaani. Aliwafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kushughulikia kwanza, wakawekewa mabenchi nje ya zahanati. Mtu anakaa na bibi, anaongea. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa kwenye mabenchi hayo walikuwa na nafuu kubwa miezi sita baadaye kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Nikisoma uzi huu naona yule nesi alikuwa benchi la mleta uzi. Alimwacha aseme yote ya ada na kodi kabla ya kuuliza chakula. Angeanza na chakula, huenda yule mama angejibu "nimekula" akaondoka.

#11 Binti_Tandika

Msomaji umesema kweli. Mimi aliyeniambia nipunguze kula hakuniuliza kwa nini nakula gizani. Nilipompata wa kumweleza, ambaye ni jirani tu, tunakaa kibarazani kwake saa kumi tukichambua mboga, safari za usiku kwa Mangi zilipungua zenyewe. Nimefika 86. Presha juzi 134 kwa 86. Sasa nakaa chini, sahani moja, namaliza, basi. Ya watoto yakibaki yanafunikwa, wanakula jioni.

#12 Mke_mgeni_Maskati

Nawasoma kutoka Oman, nimeolewa huku mwaka wa tatu. Chakula kipo tele, wa kukaa naye kibarazani hakuna. Mume akitoka nabaki ndani na kiyoyozi, jua nalionea dirishani. Nilipimwa nikaambiwa vitamini D iko chini sana, na daktari akasema huku ni jambo la kawaida kwa wanawake. Nilicheka kwa uchungu, mtoto wa Unguja nimekosa jua. Nimeanza kupanda juu ya nyumba asubuhi mapema na simu, naongea na mama yangu nusu saa.

#13 Mtu_wa_Kinondoni

Mleta uzi, nimepakua leo. Mke wangu ameniuliza kama nimeota. Amekula, tena ameongeza. Nimeshika daftari, Jumamosi tunakwenda kupima damu wote wawili.

Swali dogo: dagaa anasema wanamkera harufu. Unawapikaje?

#14 MkeWaFundi (mleta uzi)

Hongera kaka. Dagaa wa Kigoma wale wembamba ndio wazuri. Wachambue kwanza utoe mawe na takataka, wakaange wakavu kwenye kikaango bila mafuta mpaka wabadilike rangi kidogo, kisha waoshe kwa maji ya moto mara mbili. Hapo harufu imekwisha. Kaanga kitunguu, weka nyanya na pilipili hoho, mimina dagaa, kamulia ndimu nusu, funika. Usiwatoe miba, ile miba laini ndiyo yenye kalisi. Ukimaliza funika sufuria, kuna paka.

Mdogo ameamka, ngoja nimnyonyeshe. Majibu ya kipimo cha mwezi huu nitayaweka hapahapa.